Noti ya Florence au noti ya 1929? Ulinganisho kwa anayeanza kukusanya

Mpwa wangu anaishi Davenport, mji wa Iowa ulio ukingoni mwa mto Mississippi. Juzi kanitumia picha mbili kwa WhatsApp, na chini yake maneno machache: "Shikamoo mjomba. Nina dola mia na hamsini, za noti moja tu. Ninunue ipi?"

Picha ya kwanza ilikuwa noti ya Bank of Florence, Nebraska, ya miaka ya 1850. Safi, michoro yake imechongwa na mkono uliotulia, nyuma peupe kama daftari jipya. Ya pili ilikuwa dola 10 ya mwaka 1929: muhuri wa kahawia, uso wa Alexander Hamilton, na kushoto kwake, kwa wino mweusi, jina la benki ya mji mdogo wa Iowa ambao yeye huupita kila siku akienda kazini. Hiyo imekunjwa mara nne, kona moja haipo, na katikati ina doa ambalo kwa macho yangu ni la mafuta. Bei zilikaribiana.

Moyo wake ulikuwa kwenye ile ya kwanza. Nilijua, maana ndiyo aliyoitanguliza. Nikamwambia, "Marahaba. Usitoe hata senti mpaka nikuandikie." Haya ndiyo niliyomwandikia, nimeyarefusha kidogo kwa sababu kila mara kuna mtu mwingine anayeniuliza swali hilohilo, na kila mara jibu hutegemea jambo moja: nani aliahidi kulipa, na je, alilipa?

Ahadi ya nani?

Sisi tumezaliwa tukikuta noti inatoka Benki Kuu, na hatujawahi kumuuliza mwenye duka kama anaikubali noti ya Dodoma au anataka ya Mwanza. Marekani ya miaka ya 1850 swali la namna hiyo ndilo lililoulizwa. Katiba yao iliyakataza majimbo kutoa noti, ila haikusema neno juu ya benki zilizopewa leseni na majimbo. Zikapenya hapo. Kufikia 1860 zilikuwa kama 1,600, na kila moja ikitoa noti zake, kwa picha na thamani ilizozitaka, hata dola 3. Aina za noti halali zilizokuwa zikizunguka zilikadiriwa kuwa 7,000, na juu yake maelfu ya bandia.

Kila noti ilikuwa ahadi iliyoandikwa: benki hii, ya mji huu, itamlipa mwenye karatasi hii dola tano za sarafu akizidai. Nyuma ya ahadi hiyo kulikuwa na sanduku la benki na tabia ya wenyewe, basi. Ukiipeleka noti mbali na kwao, mwenye duka anaikata: dola tano zako anazihesabu nne na nusu, au anakurudishia. Chini ya kaunta alikuwa na kijitabu cha kuangalia benki ipi bado hai, ipi imekufa, na bandia zipi zimeonekana wiki hiyo. John Thompson wa New York alijipatia jina kwa kuchapisha kijitabu cha aina hiyo, na baadaye akaona bora awe na benki mwenyewe: alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa First National Bank ya New York mwaka 1863, kisha Chase National Bank mwaka 1877. Aliyezijua benki mbovu kuliko wote akaishia kuwa mwenye benki. Hilo hunichekesha kila ninapolikumbuka.

Sheria ya tarehe 25 Februari 1863, iliyosainiwa na Abraham Lincoln katikati ya vita, na ile iliyoirekebisha ya Juni 1864, zikabadili mambo. Benki ilibaki mali ya watu binafsi wa mji, yaani wenye maduka, wakulima wenye uwezo, daktari. Lakini sasa ilipata leseni na namba kutoka Washington, ikaitwa benki ya taifa. Ili ipewe noti, ilinunua kwanza hatifungani za serikali kuu na kuziweka Hazina. Hapo mwanzo iliruhusiwa kutoa noti za asilimia 90 ya thamani ya hatifungani hizo. Kuanzia 1900, asilimia 100. Noti zilichapwa kwa mtindo mmoja nchi nzima, zikitofautiana kwa jina la benki, mji na namba. Benki ikifa, Hazina inazichukua zile hatifungani na kumlipa kila mwenye noti. Hakuna aliyepoteza hata dola moja kwa kushika noti ya benki iliyofilisika chini ya utaratibu huo.

Noti za zamani ziliuawa kwa kodi. Mwaka 1865 Bunge la Marekani liliweka kodi ya asilimia 10 kwa noti za benki za majimbo, ikaanza kutozwa 1866, na hakuna benki ingeweza kuibeba. Veazie Bank ya Bangor, Maine, ikaenda mahakamani ikashindwa mwaka 1869. Kesi ikaisha, na karatasi zao zikaisha.

Florence na Davenport, mji mmoja pande mbili

Mpwa wangu hakujua kwamba picha zake mbili zinagusa mji anaolala.

Katiba ya kwanza ya Iowa, ya 1846, ilipiga marufuku benki za kutoa noti. Watu walikuwa wameona yaliyowapata majirani benki zao zilipoanguka baada ya 1837, wakasema hapana. Lakini biashara haiendi bila fedha ya mkononi. Nyumba ya benki ya Cook & Sargent, hapo hapo Davenport, ikavuka mpaka. Nebraska ilikuwa bado haijawa jimbo, na baraza lake la kutunga sheria lilikuwa likigawa leseni za benki bila choyo. Mwaka 1856 ikapatikana Bank of Florence, katika kijiji kilichokuwa kambi ya Wamormoni miaka kumi kabla. Noti zimeandikwa Florence, lakini soko lao ni Iowa. Kati ya Florence na Davenport ni zaidi ya kilomita 450, na reli ilikuwa bado haijafika huko. Nani angefunga safari ya gari la farasi kwenda kudai sarafu za dola tano?

Nyumba ya Davenport ilipokuwa bado imara, noti zilikwenda. Agosti 1857 ikaanguka kampuni ya bima na amana ya Ohio Life, hofu ikaenea nchi nzima, na benki za Nebraska zikaanza kudondoka kama maembe ya upepo. Mwaka 1859 Cook & Sargent nao wakafunga. Waliokuwa na karatasi za Florence mifukoni wakabaki nazo.

Jengo la ile benki bado lipo, sasa ndani ya jiji la Omaha, na watu hulitembelea kama makumbusho. Kwa hiyo ni benki ya kweli, iliyokuwa na kuta na mlango. Nasema hivyo kwa sababu si zote zilizokuwa nao.

Na miaka minne tu baada ya kilio kile, tarehe 29 Juni 1863, Davenport hiyohiyo ikaona First National Bank ikifungua milango: ya kwanza kuanza kazi chini ya sheria mpya. Philadelphia ndiyo iliyopewa namba 1, lakini Davenport ndiyo iliyohudumia wateja kwanza. Mji uliochomwa na noti za Florence haukusubiri kushawishiwa.

Iliyobaki na iliyopotea

Hapa ndipo wanaoanza wanapochanganyikiwa. Wanadhani noti ya 1857 lazima iwe adimu kuliko ya 1929, kwa kuwa ni kongwe. Mara nyingi ni kinyume.

Fikiria benki mbili za mwaka 1857. Moja ina watu waaminifu: noti inarudi kaunta, wanatoa sarafu, karatasi wanaichoma. Baada ya miaka ishirini hakuna kilichobaki. Ya pili inakufa na deni, na noti zake zinabaki kwenye masanduku ya watu, pamoja na mabunda ambayo hayakuwahi kutiwa saini, yaliyolala kwenye chumba cha keshia. Leo mtoza noti anakuta rundo la ile ya pili. Benki iliyodhulumu ndiyo iliyotuachia urithi. Iliyolipa haikuacha kitu. Ndiyo maana noti ya Florence inapatikana kwa bei ya kijana anayefanya kazi kiwandani.

Nalijua hili tangu utotoni, Tanga, kabla sijajua neno la Kiingereza. Kwenye kasha la bibi yangu mlikuwa na karatasi za rupia moja za Deutsch-Ostafrikanische Bank, zile za dharura za 1915. Vita vilikuwa vimekata njia ya bahari, Wajerumani wakazichapa hapa hapa nchini kwa karatasi yoyote waliyoipata, na makarani wakazisaini kwa mkono moja moja. Bibi alizifunga kwa kitambaa. Alisema baba yake aliuza mbuzi akapewa hizo, na Waingereza walipoingia hazikumnunulia hata chumvi. Mpaka leo rupia moja ya 1915 ni katika noti za zamani za nchi yetu zilizo rahisi kupatikana. Hazikumlipa mtu, ndiyo maana zipo.

Sasa noti za benki za taifa, kama ile ya 1929. Hizi zilikuwa nzuri kama fedha, kwa hiyo watu walizitumia. Zilipochakaa zilirudi Washington, zikaharibiwa, benki ikaletewa nyingine. Mwaka 1935 Hazina iliita hatifungani za mwisho zilizoruhusiwa kudhamini noti hizo, na mpango mzima ukafungwa. Kila noti iliyofika benki baada ya hapo ilikwenda kuuawa. Benki zaidi ya 12,000 zilitoa noti kati ya 1863 na 1935. Kwa baadhi yake watoza wanajua noti tano au sita tu zilizosalia, na ziko benki ambazo hakuna hata moja iliyoonekana. Ile karatasi ya 1929 yenye doa la mafuta imebaki kwa bahati: mtu aliisahau ndani ya Biblia, au bibi wa Kimarekani naye alikuwa na kasha lake.

Kama unataka kisa, nenda na za kale

Nisiwe mchoyo. Kwa visa, noti za benki za majimbo hazina mpinzani.

Michigan mwaka 1837 ilipitisha sheria iliyomruhusu karibu kila mtu mwenye mtaji kiasi kufungua benki. Zikachipuka msituni, mahali ambapo Wamarekani walisema paka mwitu ni wengi kuliko watu, na jina hilo likazigandia: benki za paka mwitu. Sheria ilitaka kila benki iwe na akiba ya sarafu, na makamishna wakatumwa kukagua. Wenye benki wakawa wanaazimana sarafu. Kamishna akilala mji huu, sarafu alizozihesabu mchana zinasafirishwa usiku zikamsubiri mji wa mbele. Alpheus Felch, aliyekuja kuwa gavana wa Michigan, alikuwa mmoja wa makamishna hao. Walikuta masanduku yenye tabaka la sarafu za fedha juu, na chini yake misumari na vipande vya vioo. Katika miaka miwili nyingi ya benki hizo zilikuwa zimekufa.

Mojawapo ilikuwa katika mji ulioitwa Singapore, kwenye mlango wa mto Kalamazoo. Waanzilishi waliota bandari ya kushindana na Chicago. Benki ilikufa, mji ukaendelea kwa mbao. Baada ya moto mkubwa wa Chicago wa 1871 misitu iliyouzunguka ikakatwa kwa ajili ya ujenzi, na kwa kuwa hapakuwa na miti tena ya kuzuia upepo, mchanga ukaufunika mji. Leo uko chini ya vilima vya mchanga, na noti za benki yake ni katika vitu vichache unavyoweza kushika vyenye jina lake. Mtu akinionyesha noti ya Singapore kwa bei nafuu, mimi mwenyewe nitasahau ushauri wangu wote.

Na uzuri? Hakuna ubishi. Makampuni ya kuchonga yalishindana kwa picha: meli, treni, wasichana wenye mundu, mbwa amelala mbele ya sanduku la fedha. Yalikuwa na sababu, maana mchoro mgumu ulimsumbua mghushi.

Kama unataka watu, nenda na za taifa

Noti ya Florence itakuambia habari ya ujanja. Noti ya benki ya taifa itakuambia habari ya mji.

Ninayo moja mbele yangu ninapoandika: dola 10 ya mtindo wa 1902, ya umbo kubwa, yenye uso wa William McKinley. Ina upana wa karibu sentimita 19, inajaa kiganja na kuzidi. Juu ina herufi M, alama ya majimbo ya kati-magharibi, waliyokuwa wakiitumia kurahisisha kuzipanga noti zilizorudi. Pembeni, namba ya leseni ya benki. Chini, saini mbili. Ya keshia ni ya muhuri wa mpira, wino wake wa zambarau umefifia mpaka lazima uigeuzie dirishani. Ya rais wa benki ameiandika kwa kalamu, na wino umegeuka rangi ya chai. Ukingo wa juu umekwenda upande. Noti hizi zilifika kwa posta zikiwa karatasi za noti nne nne, na watu wa benki walizisaini, kisha wakazikata kwa mkasi. Huyu aliyekata yangu alikuwa na haraka, au mkasi wake ulikuwa butu.

Huyo rais si jina tupu. Ukienda maktaba ya mji wake utakuta alikuwa na duka la nafaka, alijenga nyumba ipi, alizikwa wapi. Kuna watoza wanaotafuta noti zilizosainiwa na wanawake tu, na zipo. Wengine hutafuta za Douglass National Bank ya Chicago, benki ya Wamarekani Weusi iliyofunguliwa 1922 chini ya Anthony Overton ikafungwa 1932. Hiyo ni ya jiji kubwa na ni ghali, lakini siwezi kuandika juu ya watu na fedha zao nisiitaje.

Kwa nini miji midogo ina benki nyingi hivyo? Sheria ya kwanza ilitaka mtaji wa dola 50,000 hata kwa miji midogo kabisa. Machi 1900 ukashushwa hadi dola 25,000 kwa miji isiyozidi watu 3,000. Ghafla kila kijiji chenye kituo cha reli na ghala la mahindi kikaweza kuwa na benki na noti yenye jina lake. Noti zilizosainiwa katika miji ya watu mia nane zipo, na Iowa imejaa habari hizo. Kuna hata makumbusho ya noti hizi peke yake, Higgins Museum, mjini Okoboji. Nilimwambia mpwa wangu aende siku ya mapumziko kabla hajanunua cha pili.

Umbo kubwa au dogo?

Hili nalipitia haraka. Noti za kabla ya 1929 ni kubwa na zina mitindo mingi: za mwanzo za 1863 hadi 1882, za migongo ya kahawia zenye namba ya leseni kubwa nyuma, za muhuri mwekundu za 1902, kisha za muhuri wa buluu. Za mwanzo na zenye muhuri mwekundu zitakumaliza mfukoni. Za buluu za 1902 ndizo mtu wa kawaida anaweza kuzifikia, lakini kwa mji mdogo dola 150 mara nyingi hazitoshi kwa noti yenye hali ya kuridhisha.

Za 1929 zina ukubwa wa dola ya leo. Benki hazikuzisaini tena. Saini za keshia na rais zilichapwa Washington pamoja na jina la benki, kwa wino mweusi. Hapo ladha imepungua, nakiri. Zilitoka kwa aina mbili. Aina ya kwanza namba yake inaanza kwa herufi A hadi F, kwa sababu zilichapwa sita sita na zote sita zilishika namba moja. Aina ya pili, iliyoanza 1933, ina namba ya leseni mara mbili zaidi kwa rangi ya kahawia, na kwa kawaida ni chache kuliko ya kwanza.

Tahadhari ambayo imewaliza wengi: kuna noti nyingine za 1929, zenye muhuri wa kahawia na maneno yaleyale "National Currency" juu, ambazo si za benki za miji. Zilichapwa kwa dharura Machi 1933, wakati Rais Roosevelt alipofunga benki zote, na zina jina la mojawapo ya benki kumi na mbili za Federal Reserve. Utazijua kwa herufi kubwa nyeusi, A hadi L, mahali ambapo ungetegemea namba ya leseni. Ni noti nzuri, ila hazina mji mdogo ndani yake, na bei yake isiwe ya mji mdogo.

Bandia, na namba ambayo uikariri

Za kale zina hatari zaidi. Kuna bandia za enzi zile, ambazo zenyewe zina watoza wake. Kuna noti za dola 1 zilizokwanguliwa zikafanywa 10. Kuna za benki iliyokufa zilizobadilishwa jina ziwe za benki hai. Uliza pia kama noti imesainiwa na kupewa namba au ni salio lililobaki dukani kwa mchapaji au benki. Salio ni halali na zuri la kutazama, ila halijawahi kununua hata mkate. Mabunda ya noti za namna hiyo za Canal Bank ya New Orleans yamejaa sokoni, na bei yake ni makumi ya dola tu.

Halafu kuna za kitalii: karatasi ya kahawia iliyokakamaa, inayolia kama jani la mgomba lililokauka. Maarufu kuliko zote ni dola 1,000 ya Bank of the United States ya mwaka 1840, namba 8894. Ukiona namba hiyo, ni nakala. Zote zina namba hiyo. Nasema kwa uchungu, kwa sababu mwaka wangu wa kwanza Marekani niliinunua kwa dola 40 kwenye soko la vitu vikuukuu, kwa mzee mmoja aliyeniapia kwamba ilitoka kwenye ghala la babu yake. Ninayo bado. Huwaonyesha watoto.

Noti ya 1929 ni ngumu zaidi kughushiwa, na mghushi hana faida kubwa ya kuhangaikia dola 10 ya kijiji. Hatari yake ni nyingine: kuoshwa na kunyooshwa. Usiinunue noti kuukuu inayong'aa kuliko umri wake, na ukishanunua usiipige pasi, usiigundishe kona kwa utepe, usiiweke kwenye mifuko ya plastiki laini inayonuka. Iweke kwenye mfuko wa poliesta, gizani.

Na kitu kimoja cha kuchekesha. Noti ile ya 1929 bado ni fedha. Akiishiwa kabisa anaweza kuipeleka dukani na kupata bidhaa za dola 10, japo awe amepoteza akili. Noti ya Florence haimlipi mtu tangu kabla ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Ndugu zangu wa Kenya waliokuta elfu moja ya zamani kwenye koti baada ya Septemba 2019 wanajua tofauti ya hayo mawili vizuri kuliko mimi.

Basi?

Nilimjibu hivi. Kama unataka kitu cha kuning'iniza ukutani ambacho kila mgeni atauliza, chukua Florence. Kisa chake ni cha mji wako, na hutadanganywa bei ukiwa umelinganisha tatu nne kwenye minada. Hutapata shida kuipata mwakani pia. Kama unataka kitu ambacho ukikiacha leo huenda usikione tena, chukua ile yenye doa. Ningekuwa mimi, na noti ni moja tu, doa lisingenizuia. Kwa benki ya kijiji, noti iliyochakaa ni bora kuliko kungoja iliyo safi ambayo pengine haipo. Kona iliyokatika ingenifanya niombe punguzo, dola kumi na tano hivi, na ningemwomba muuzaji picha ya nyuma kwanza.

Akakaa kimya siku mbili. Jana usiku ikaja picha: noti iko kwenye mfuko wake, juu ya meza ya jikoni, na kando yake simu yenye picha ya jengo la matofali kwenye kona ya barabara.

"Mjomba, benki ndiyo hii. Sasa hivi ni kinyozi."

Nikamuuliza alilipa ngapi.

"Mia na thelathini. Na kinyozi kanikata nywele bure, ameitaka picha ya noti aiweke ukutani."